Ukumbi Usio na Madirisha

Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Buffalo, jimbo la New York, kulikuwa na kampuni ya sabuni iliyoishi kwa barua. Wateja wa Larkin waliagiza kwa posta, wakalipa kwa posta, wakalalamika kwa posta, na kila bahasha iliyoingia ilitaka mtu wa kuifungua, wa kuisoma, wa kuitafutia faili na wa kuijibu. Makarani walikuwa wameongezeka wakakaribia 1,800, wengi wao wanawake, na kiwanja cha kuwajengea ofisi kilikuwa katikati ya viwanda na reli. Treni zilipita zikitema masizi. Ukiacha dirisha wazi mahali kama hapo, karatasi uliyoiweka mezani asubuhi ikiwa nyeupe unaikuta jioni imeshika weusi.

Kazi akapewa Frank Lloyd Wright, msanifu majengo aliyekuwa bado hajafikisha miaka 40, na ambaye hadi hapo sifa zake zilikuwa za nyumba za kuishi tu. Aliyempigia debe ni Darwin Martin, mmoja wa wakubwa wa kampuni, mtu aliyeanzia chini kwenye vitabu vya hesabu na kupanda kwa sababu aliubuni mfumo wa kadi za kutunzia kumbukumbu za wateja. Martin alizijua karatasi na usumbufu wake. Alitaka jengo linaloijua kazi.

Wright aliutazama ule moshi akaamua kuupa mgongo. Jengo lililofunguliwa mwaka 1906 lilikuwa, ukiwa nje, kama ngome ya matofali. Uzuri wote aliuweka ndani: uwazi mmoja mkubwa katikati, umepanda ghorofa tano hadi kwenye paa la kioo, na roshani za makarani zimeuzunguka pande zote. Mwanga uliteremka kutoka juu. Hewa ilivutwa kutoka juu vilevile, ikapitishwa kwenye maji ili iachie masizi yake, kisha ikasambazwa ofisini. Kabati za mafaili zilikuwa za chuma na zilijengewa ukutani kabisa. Viti vingine vilining'inizwa kwenye meza kwa mkono wa chuma, karani akimaliza anakisukuma kinaingia chini ya meza na anayefagia anapita bila kuinua kitu. Kulikuwa na kinanda cha mabomba cha kuwaburudisha watu, kama kile cha kanisani. Na kwenye kuta za ule uwazi yalichongwa maneno ya kuhimiza: uaminifu, ushirikiano, bidii na ndugu zao. Sijui kama kuna karani aliyewahi kuinua macho, akasoma neno bidii, akaongeza kasi.

Kuna jambo moja la Larkin ninaloomba msomaji alishike mkononi. Wakubwa, Martin akiwamo, hawakufichwa kwenye vyumba vya juu. Meza zao zilikuwa chini kabisa, sakafuni mwa ule uwazi, mahali ambapo karani wa ghorofa yoyote angeweza kuchungulia na kumwona bosi anaandika nini, anaongea na nani, amesinzia au hajasinzia. Tutalirudia.

*

Miaka 30 ikapita. Wright alipata umaarufu, akapata na kashfa, nyumba yake ikaungua zaidi ya mara moja, kazi zikakauka. Mdororo wa uchumi ulipoikumba Marekani mwaka 1929 wengi walimhesabu kuwa mtu wa jana. Kule Taliesin, shambani kwake Wisconsin, alikuwa anaishi na vijana waliomlipa ada ili wajifunze kwake, nao walichora, walipika, walilima.

Upande mwingine wa jimbo hilohilo, mjini Racine kando ya Ziwa Michigan, kulikuwa na kampuni ya nta ya sakafu ya S. C. Johnson. Ilianza mwaka 1886 kwa kuuza sakafu za mbao, kisha ikagundua kwamba mtu akishanunua sakafu hurudi kila mara kuuliza aipake nini. Mwaka 1928 ikamwangukia mjukuu wa mwanzilishi, Herbert Johnson, kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 30, waliomzoea wakimwita Hib. Mdororo haukumzika, kwani mwaka 1932 alikuwa ameingiza sokoni nta ya maji iliyong'aa yenyewe bila kusuguliwa, na akina mama wa Marekani waliipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1935 alipanda ndege inayotua majini akaenda hadi Brazil kuutafuta mti wa karnauba, ambao majani yake ndiyo yanayotoa nta ngumu kuliko zote. Alikuwa mtu wa kujaribu bahati yake.

Kufikia mwaka 1936 Hib alikuwa na michoro ya ofisi mpya, imekamilika, ya msanifu wa hapohapo Racine. Haikuwa mibaya. Ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Wasaidizi wake wakamtajia yule mzee wa Taliesin. Wakatangulia wao kwenda kumwona, wakarudi wamepagawa. Mwezi Julai Hib akaenda mwenyewe. Kwa alivyosimulia baadaye, walibishana kutwa, wakatukanana, wasikubaliane kwa lolote isipokuwa gari: wote wawili walikuwa na Lincoln-Zephyr. Akaondoka ameshampa kazi.

Wright akataka kwanza kampuni nzima ihame Racine, wakajenge mji mpya mashambani. Hib akakataa. Kiwanja kikabaki palepale, kati ya viwanda na nyumba za kawaida za mtaani, hakuna mandhari ya kumfurahisha mtu. Mzee akarudia dawa yake ya Buffalo. Nje kusikuwepo, kuwepo ndani tu.

*

Sasa tuingie. Unapita kwenye mlango wa chini, dari limekukaribia kichwani, kama Wright alivyopenda kuwabana wageni kabla ya kuwaachia. Halafu unatokea kwenye ukumbi mkuu wa kazi, wenye zaidi ya nusu eka, bila ukuta hata mmoja wa kuugawa. Ndani yake zimesimama nguzo ambazo hujawahi kuona mfano wake. Chini, kipenyo chake ni inchi 9, upana wa sahani ya chakula. Zinapanda zikinenepa polepole, kinyume cha nguzo za kawaida, hadi futi 20 na ushee hewani, na hapo kila moja inafunguka kuwa sahani ya zege yenye upana wa futi 18 na nusu. Sahani hizo karibu zigusane. Katika nafasi zilizobaki kati ya duara na duara, ndimo mwanga unamopita.

Watu wamezifananisha na uyoga, na miti. Wright mwenyewe alizigawa kama ua: shina, kikombe, petali. Kwangu mimi ni majani ya yungiyungi yaliyotandazwa juu ya bwawa, na mtu aliyekaa mezani ni samaki anayeyatazama kutoka chini.

Wakaguzi wa majengo wa Wisconsin hawakuyaona hayo maua. Waliona nguzo ya inchi 9 itakayobeba paa, na vitabu vyao vilidai unene wa mara tatu na zaidi. Kibali kikakataliwa. Wright akasema basi tuijenge moja, tuipakie mzigo, kila mtu aone. Ndivyo ilivyokuwa Juni 4, 1937: nguzo moja imesimama peke yake uwanjani, imeegemezwa kwa mbao pembeni ili isiyumbe, na mashine ya kunyanyulia inamwaga juu ya sahani yake mchanga na vyuma. Mzigo uliotakiwa ulikuwa tani 12. Zikafika, nguzo kimya. Mzee akaamuru waendelee. Ipo picha maarufu ya siku ile, Wright na Hib wamesimama chini ya ile nguzo na mzigo wote uko juu ya vichwa vyao. Ukiitazama unajiuliza nani kati yao alikuwa anamjaribu mwenzake. Walipofika tani 60 sahani haikuwa na nafasi ya kuongeza kitu na nyufa zikaanza kuonekana. Mbao zikavutwa, nguzo ikaanguka kwa kishindo, kibali kikatoka.

Siri yake haikuwa uchawi. Wahandisi Mendel Glickman na Wesley Peters, huyu wa pili akiwa mmoja wa vijana wa Taliesin na mkwe wa Wright, hawakutegemea nondo peke yake kwa namna ya kawaida. Walitumia wavu wa chuma uliokunjwa kufuata umbo la nguzo, hivyo zege na chuma vikashikana kama nyama na ngozi. Shina ni tupu ndani, na maji ya mvua kutoka paani huteremkia humo. Chini, nguzo inakanyaga kwenye kiatu kidogo cha chuma chenye mbavu tatu, ambacho mafundi walikiita unyayo wa kunguru.

Lakini nguzo, kwa maoni yangu, ni nusu ya hadithi tu, tena ile nusu rahisi. Kwenye chumba chochote ulichowahi kukaa, mahali penye giza kuliko pote ni pale ukuta unapokutana na dari. Wright alipaondoa. Matofali mekundu yanapanda, na kabla hayajafika juu yanakoma. Kuanzia hapo hadi kwenye paa ni ukanda wa mirija ya kioo, imelazwa mmoja juu ya mwingine kama fito za ukuta wa udongo. Ni maili 43 za mirija kwa jumla, kioo kilekile kigumu cha Pyrex kinachotengenezewa vyombo vya maabara, kutoka kiwanda cha Corning. Kwa sababu ni ya mviringo, mwanga unapenya lakini sura ya kitu haipenyi: unajua kuna jua, kuna wingu limepita, huoni jengo la jirani. Taa ziliwekwa nyuma ya mirija hiyohiyo, ili usiku ukiingia mwanga uendelee kutoka mahali ulipokuwa unatoka mchana. Yule aliyekaa chini hana dirisha hata moja, na hahisi amefungiwa.

Nimewahi kufanya kazi kwenye ghorofa la kioo kitupu kuanzia sakafuni hadi juu, limeelekea magharibi, katikati ya jiji letu hili la joto. Kila mtu alilisifu kwa mandhari. Ikifika saa saba mchana tuliteremsha mapazia, tukawasha taa, tukaongeza kiyoyozi, na mandhari yalibaki kwenye kalenda ya kampuni. Ndiyo maana huwa sina haraka ya kumcheka mzee aliyejenga ofisi bila madirisha.

*

Wright hakumwachia mtu mwingine fanicha. Meza, viti na makabati, zaidi ya aina 40, alivichora mwenyewe, na kampuni ya samani za chuma ya Grand Rapids, ambayo leo inaitwa Steelcase, ikavitengeneza kwa mabomba ya chuma. Ukiiangalia meza moja unaliona jengo zima: pembe zake zimeviringwa kama pembe za kuta, uso wake umepangwa kwa tabaka kama matofali yalivyopangwa. Droo hazivutwi, zinazunguka kwenye bawaba na kujitokeza ubavuni. Vitambaa vya viti vilikuwa na rangi tofauti kwa idara tofauti. Hata kwenye matofali aliingiza mkono wake: yalifyatuliwa kwa maumbo zaidi ya 200 ili yakubali kupinda kona, na mistari ya saruji ya kulala ikachimbwa huku ile ya kusimama ikisawazishwa na kupakwa rangi ya tofali, ili jicho litelezee ubavuni bila kujikwaa.

Kiti cha mpiga chapa kilikuwa na miguu mitatu. Hoja ya Wright ilikuwa kwamba kitamfundisha mtu kukaa vizuri: weka nyayo zote mbili sakafuni, nyoosha mgongo, na kiti kitakuwa imara kama jiwe. Kunja nne, au inamia upande mmoja kuokota kalamu, na utaikuta sakafu, sakafu yenyewe ikiwa imesuguliwa kwa nta ya kampuni. Husimuliwa kwamba Hib alimwomba Wright akikalie yeye mwenyewe, mzee akakalia, akaanguka, na baada ya hapo miguu minne ikaruhusiwa. Iwe ni kweli au imetiwa chumvi, kilichobaki ni kwamba vingi viliongezewa mguu.

Ukumbi ulifunguliwa Aprili 1939. Gharama ilikuwa imeruka makisio ya mwanzo mara kadhaa, na Hib alilipa. Watu walifurika kuja kuangalia, jarida la Life likautandaza kwenye kurasa zake, na kampuni ikajikuta inapata matangazo ambayo nta yenyewe isingeyaleta.

Halafu ikanyesha. Ile mirija, maili 43 za viungo, iliwekwa katika miaka ambayo hapakuwa na gundi ya kuziba kitu kama hicho ikaridhisha. Majira ya baridi Wisconsin hukunja kila kitu, na ya joto hukunjua. Maji yaliingia mwaka baada ya mwaka, na makarani walizoea kuwa na ndoo karibu na meza. Mafundi walipanda paani, wakaziba, wakashuka, wakapanda tena. Baadaye kampuni ikakubali yaishe: juu ya paa mirija ikafunikwa au kubadilishwa kwa plastiki, na mipira ya kisasa ikaingizwa kwenye viungo vya ukutani. Hib alikuwa amejengewa na Wright nyumba ya kuishi pia, nayo ilivuja. Kuna kisa kisichokosekana kila anapotajwa: Hib yuko mezani na wageni, tone linamwangukia utosini, anampigia simu Wright kwa hasira, na Wright anamjibu asogeze kiti.

Kinachonishangaza ni kwamba Hib hakuvunja urafiki. Mwaka 1944 alimrudia tena mzee huyohuyo awajengee mnara wa maabara pembeni mwa ofisi, ukakamilika 1950: ghorofa 14 zimening'inia kwenye shina moja la zege kama matawi ya msonobari, na kuta za mirija ileile. Watafiti wa kampuni walitengeneza humo dawa za kuua wadudu na polishi zilizojulikana dunia nzima, huku wakilalamikia jua kali. Ngazi ilikuwa moja tu na nyembamba, na wazima moto hawakuipenda. Mnara ulifungwa mapema miaka ya 1980, ukakaa kimya zaidi ya miaka 30, na tangu 2014 unatembelewa na wageni.

*

Sasa lile nililoomba lishikwe. Buffalo, wakubwa walikaa chini na makarani waliwachungulia. Racine, mambo yaligeuzwa. Makarani ndio waliokaa sakafuni, wazi kabisa. Wakuu wa idara waliwekwa kwenye roshani inayouzunguka ukumbi, nusu ghorofa ya juu yao, na Hib na wenzake wakawa juu zaidi, karibu na paa, wakipandishwa na lifti za mviringo zilizosukwa kwa shaba kama vizimba vya ndege. Ni kweli kwamba chumba kizuri kuliko vyote ni cha wale wa mshahara wa chini. Sijui ofisi nyingi ambazo mjengaji alimtolea mpiga chapa nguzo zake bora na bosi akabakiwa na kona. Lakini ni kweli pia kwamba ndani ya chumba hicho hapakuwa na pahali pa kujificha, pa kulia kidogo, pa kusoma barua ya nyumbani. Mtu hakuweza kutazama nje akapumzisha macho. Alitazama kazi yake, au jirani yake, au juu. Anayesema Wright aliwapenda wafanyakazi na anayesema aliwapanga ili waonekane, wote wawili wanaweza kukuonyesha mchoro uleule.

Waliofuata walichukua uwazi wakaacha nguzo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndugu wawili wa Kijerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, walitawanya meza ukumbini bila mstari, wakiongozwa na njia za karatasi na mazungumzo, wakaweka na miti ya chunguni. Mwaka 1968 Robert Propst wa kampuni ya Herman Miller, Marekani, aliuza vikuta vyepesi vya kuunganishwa kila mtu apendavyo. Wanunuzi wakaona ni nafuu zaidi kuviunganisha vyote kwa pembe mraba, na hapo ndipo vilipozaliwa vile vibanda ambavyo wengi wetu tumevizeekea. Propst alikufa akiwa amechukizwa na walichofanya na wazo lake.

Na Larkin? Biashara ya barua ilififia, kampuni ikaanguka, jengo likachukuliwa na mji kwa sababu ya kodi. Madirisha yakapigwa mawe, vyuma vikaibwa. Mwaka 1950 likabomolewa ili pajengwe kituo cha malori, na kituo hakikujengwa. Ipo nguzo moja ya matofali iliyokuwa ya uzio, pembeni mwa uwanja wa kuegeshea magari.

Racine bado ni ofisi. Jengo limeorodheshwa tangu 1976 miongoni mwa kumbukumbu za kitaifa za Marekani, na kampuni bado iko mikononi mwa ukoo wa Johnson, ikilipa mafundi wa paa. Meza za mwaka 1939 zimeongezewa waya za kompyuta. Viti vya miguu mitatu vingine vimeingia makumbusho, vikasimama juu ya jukwaa chini ya taa, na huko hakuna anayeruhusiwa kuvikalia.